Mbao ipi, mafuta yapi? Ulinganisho kwa anayebadilisha sakafu ya trela

Ingia chini ya trela na bisibisi mkononi. Juu usipatazame kwanza, maana juu jua linakausha na ubao huonekana mzima hata kama umeshakufa. Kandamiza ncha ya bisibisi pale ubao unapolalia chuma cha kukatiza, kile kinachopita chini ya mbao kwa upana wa trela, kisha pembeni mwa kila bolti, kisha kwenye ncha ya mbele iliyochomekwa ndani ya mdomo wa fremu, yaani ukingo wa chuma unaoshika ncha za mbao. Mbao nzima inakataa, bisibisi inaacha kialama tu. Mbao iliyooza inapokea chuma kama sabuni iliyolowa, na ukichomoa, bisibisi inatoka na unga wa kahawia wenye majimaji. Trela niliyoifumua mwisho ilikuwa hivyo hasa. Katikati ya kila ubao palikuwa pagumu kiasi cha kubeba pikipiki bila wasiwasi, lakini ncha zote za mbele zilikuwa zimebaki ganda la juu, unene wa kidole kidogo, na chini yake hakuna kitu.

Nimeanzia huko kwa sababu watu wengi wanapobadilisha sakafu huuliza mbao ipi ni ngumu zaidi. Ugumu si swali la kwanza. Sakafu ya trela kwa kawaida haifi kwa uzito wa mzigo, inakufa kwa maji yaliyokaa. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kazi yao bila unyevu. Mbao ambayo unyevu wake unabaki chini ya asilimia 20 haiozi, iwe ya mti gani. Ikikaa imelowa wiki kwa wiki, hata mti wenye sifa kubwa siku moja utakubali. Kwa hiyo kila chaguo hapa chini nalipima kwa swali moja: likilowa, litakauka lini?

Msonobari uliotiwa dawa

Hizi ndizo mbao za kwanza utakazokutana nazo, na kwa trela nyingi ndizo zinazofaa. Dawa husukumwa ndani ya mbao kwa shinikizo kwenye tangi lililofungwa, haipakwi kwa brashi. Ubao wa kijani kibichi au kahawia uliopakwa juu juu si kitu kimoja na uliotiwa dawa kwa shinikizo, ingawa kwa macho vinafanana. Njia ya kuvitofautisha ni kuangalia ncha iliyokatwa. Kwenye ubao wa shinikizo utaona rangi ya dawa imeingia ndani kutoka pande zote, mara nyingi ikizunguka kiini cheupe ambacho hakikushika. Kiini hicho ni moyo wa mti, na moyo wa msonobari hauipokei dawa vizuri kama sehemu ya nje. Ndiyo maana kila unapokata ubao unafungua mlango. Ncha mpya inabidi ipakwe dawa ya brashi, ile yenye shaba, hadi ikatae kunywa. Nyuzi za mbao zimelala kama mirija, na maji hupita kwenye ncha ya mirija kwa kasi mara nyingi kuliko ubavuni.

Angalia pia daraja la matumizi lililoandikwa kwenye lebo. Kwa viwango vya Ulaya, daraja la 3 ni la mbao za nje zisizogusa ardhi, na daraja la 4 ni la zinazogusa udongo au maji. Trela haigusi udongo, lakini inarushiwa matope kwa chini, na kwenye kila chuma cha kukatiza kuna mwanya mwembamba unaoshika maji kwa siku kadhaa. Mimi huchukua la 4 bila kufikiri mara mbili.

Mbao hizi zina kasoro mbili. Ya kwanza, mara nyingi zinauzwa zikiwa bado zimelowa kutoka tangini. Ukiinua mbili zinazolingana, moja mbichi na moja kavu, mkono wenyewe utakuambia. Ukizipaka mafuta siku hiyo hiyo, hazinywi, zimeshashiba maji. Zikikauka zikiwa tayari zimefungwa, zinapinda, zinasinyaa, na mianya inafunguka. Zipo zilizokaushwa tena tanurini baada ya kutiwa dawa. Ukizipata, zinastahili gharama ya ziada. Usipozipata, zipange kivulini penye hewa, vijiti vikiwa kati ya kila tabaka, na uweke uzito juu. Zinaweza kuchukua wiki kadhaa. Dondosha matone ya maji juu ya ubao: yakikaa kama shanga, bado haujakauka; yakizama ndani ya dakika chache, uko tayari kwa mafuta.

Ya pili ni shaba. Zamani dawa iliyotawala ilikuwa ya shaba, kromu na aseniki. Nchini Marekani dawa hiyo iliondolewa kwenye sehemu kubwa ya matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, na dawa zilizoshika nafasi yake zina shaba nyingi zaidi. Shaba pamoja na unyevu hula chuma kitupu, hula mabati membamba, na hula alumini pia. Skrubu ya kawaida iliyopakwa zinki kidogo inaweza kuliwa shingo kabla ubao haujachoka. Tumia bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto au za chuma kisichoshika kutu, na usilaze ubao juu ya chuma kilichobaki kitupu.

Na ikiwa unachofumua ni mbao kuukuu zenye dawa, usiziwashe moto hata kidogo. Aseniki haiungui ikaisha. Inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi. Unga wa msumeno wake pia usiwalalishie kuku wala mifugo mingine.

Mbao nzito za misitu: mwaloni, mtiki, mvule, apitong

Kuna trela zinazopandishwa mashine zenye minyororo, mawe, au magari ya magurudumu membamba. Hapo msonobari unabonyea na kuchanika nyuzi. Malori mengi ya kubebea mitambo yamefungwa apitong, mti wa Asia ya Kusini-Mashariki wa jamii ya Dipterocarpus, ambao pia huitwa keruing. Ni mzito, wenye nyuzi ndefu na utomvu ndani yake. Ukiukata, meno ya msumeno yananata.

Mwaloni una mtego ambao umewagharimu wengi. Mwaloni mweupe na mwekundu vinafanana kwa jina, lakini maji yanavijua tofauti. Vinyweleo vya mweupe vimezibwa na mti wenyewe, ndiyo maana mapipa ya kuhifadhia vinywaji hutengenezwa kwa huo. Vinyweleo vya mwekundu viko wazi. Chukua kipande kifupi cha mwaloni mwekundu, chovya ncha moja kwenye maji, puliza ncha nyingine kwa mdomo: utaona mapovu. Ubao unaopitisha pumzi yako utapitisha mvua. Mwekundu usiuweke kwenye trela inayolala nje, hata kama unapewa bure.

Mwaloni pia una tanini, asidi ya asili ya mti. Ikikutana na chuma na maji huzaa weusi kama wino, na bolti dhaifu zinakwisha haraka ndani ya ubao. Mtiki una mafuta yake ya asili na hauna usumbufu huo mkubwa, lakini mafuta hayo hayo hufanya kupaka juu yake kuwe kugumu: ufute kwanza kwa kitambaa chenye thina, upake punde tu. Mvule uko katikati, unavumilia kuoza na mchwa vizuri, na si mzito kama apitong.

Faida ya mbao hizi ni kwamba zikikwaruzwa, hazipotezi kinga. Kinga haikupakwa, imo ndani ya mti. Lakini kinga hiyo imo kwenye moyo wa mti tu. Ule utepe mweupe wa pembeni, sehemu changa, huoza kama mbao yoyote, na wauza mbao huuacha kwenye ubao bila kusema. Ukiona ubao wa mvule wenye ukingo mweupe, ukate uutupe ukingo huo au uchague ubao mwingine.

Kinachowarudisha wengi nyuma ni uzito. Nimepiga hesabu kwa unene uleule kwa mbao zote ndefu ili ulinganisho uwe wa haki, kwa kutumia uzito wa kawaida wa mbao kavu:

| Sakafu | Kilo kwa mita ya mraba | Trela ya mita 1.5 kwa 3 |
|---|---|---|
| Plaiwudi ya birch, mm 18 | 12 | kilo 55 |
| Msonobari mkavu, mm 38 | 21 | kilo 94 |
| Bati bapa la chuma, mm 3 | 23.5 | kilo 106 |
| Mvule au mtiki, mm 38 | 25 | kilo 111 |
| Apitong au mwaloni mweupe, mm 38 | 28.5 | kilo 128 |

Kati ya plaiwudi na apitong kuna kilo 73. Kwa trela ambayo jumla yake pamoja na mzigo ni kilo 750, hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya kila safari, na unaibeba hata ukirudi mtupu. Mbao nzito na ngumu kama apitong zinaweza kuwekwa nyembamba kidogo kuliko msonobari. Hapo tofauti inapungua. Msonobari uliotoka tangini umelowa, nao usiuhesabu kwa kilo 94 hadi ukauke.

Plaiwudi

Plaiwudi inapendwa kwa sababu ni kazi ya asubuhi moja. Karatasi moja au mbili, skrubu kadhaa, sakafu imekwisha, haina mianya ya kupitisha kokoto wala mchanga. Kwa trela ndogo ya boksi inayolala chini ya paa, ni chaguo zuri kuliko mbao ndefu.

Ila lazima iwe ile ya gundi isiyoyeyuka kwa maji, na bora zaidi ile iliyofunikwa ngozi ya kahawia iliyokolea, yenye alama za wavu juu ili miguu isiteleze. Mm 18 inatosha ikiwa vyuma vya kukatiza viko kila sentimita 40 hivi. Vikiwa mbali zaidi, itayumba katikati, na kila kuyumba kunalegeza skrubu.

Udhaifu wake uko kwenye kingo. Ukitazama ukingo wa plaiwudi uliokatwa utaona matabaka kama kurasa za kitabu kilichofungwa, na nusu ya matabaka hayo yanakuonyesha ncha za nyuzi. Maji yanaingia hapo, yanasambaa kati ya matabaka, na kwa kuwa ngozi ya juu na ya chini haipitishi hewa, hayatoki. Hapa lile swali la kukauka linajibiwa vibaya kuliko kwa chaguo lolote lingine. Ubao mpana uliowekewa mwanya unalowa na kukauka tena jua likiwaka. Plaiwudi ikishalowa ndani inabaki hivyo hadi ivimbe.

Kwa hiyo ukiichagua, kila ukingo na kila tundu la skrubu lipakwe epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu, au rangi ya kuzibia kingo kabla haijawekwa, tabaka mbili au tatu. Mkwaruzo wowote uliotoboa ngozi uzibwe wiki hiyo hiyo. Ukijijua kuwa si mtu wa kuzingatia hayo, chukua mbao za kawaida.

Mbao za chembechembe zilizogandishwa, hata zile za vipande vikubwa, usizilete kwenye trela. Mbao za plastiki na unga wa mti nazo hazikutengenezwa kubeba magurudumu. Zinahitaji vyuma karibu karibu na zinalegea kwenye jua kali.

Kupaka: kinachoingia ndani na kinachokaa juu

Hapa ndipo watu hubishana sana, na hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Trela yangu ya kwanza niliipaka rangi ya mafuta, tabaka tatu, ya kijivu, ikang'aa kama sakafu ya meli. Msimu wa kwanza nilijivunia. Msimu wa pili rangi ilianza kupasuka kwenye mistari ya nyuzi, nyufa nyembamba za upana wa unywele. Sikuzijali. Maji yakaingia kwa nyufa hizo na rangi ikayazuia yasitoke. Nilipokuja kubandua kwa kikwangulio, rangi ilitoka kwa mapande makubwa na mbao chini yake ilikuwa na maji katikati ya kiangazi. Mbao zile zingedumu zaidi kama ningeziacha bila kitu.

Mbao hutanuka ikilowa na kusinyaa ikikauka, kwa upana wake hasa, kwa urefu kidogo sana. Rangi na vanishi ni ngozi. Kwenye mlango au dirisha ngozi hiyo inadumu kwa sababu hakuna anayeikanyaga. Kwenye trela kila koleo, kila gurudumu na kila kona ya sanduku inaitoboa. Ikishatobolewa inageuka kuwa mfuko. Mafuta yanayoingia ndani hayana ngozi ya kutobolewa. Yakichoka yanafifia polepole, na unapaka mengine juu bila kukwangua chochote. Kwa mbao za trela inayotumika nje, nasema wazi: chagua kinachoingia ndani.

Katika vinavyoingia ndani, mafuta ya kitani yaliyochemshwa yana jina kubwa. Jina linapotosha kidogo, maana mengi ya siku hizi hayakuchemshwa, yametiwa viungo vya metali vya kuharakisha kukauka. Usijaribu kuchemsha mabichi nyumbani. Tabaka la kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili lipenye, la pili na la tatu lipake bila kuchanganya, na baada ya dakika 20 hivi futa yote ambayo ubao haukunywa. Yakiachwa juu yanakuwa gundi inayokamata vumbi. Mafuta haya yanaipa mbao rangi ya asali nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba kuvu weusi wa juu juu wanayapenda, hasa trela ikilala penye kivuli na unyevu, na hayana kinga dhidi ya jua. Peke yake utayarudia kila mwaka.

Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe. Mafuta yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kwenye kona hushika joto hilo hadi moto. Hakihitaji kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke vigumu, au vizamishe kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Nyumba zimeungua kwa sababu ya kitambaa kimoja.

Mchanganyiko wa kitani na lami ya msonobari, ile lami ya mti iliyopakwa kwenye merikebu za mbao kwa karne nyingi, unadumu zaidi na kuvu hawaupendi. Una harufu kali ya moshi kwa wiki kadhaa, na kwenye jua unaweza kunata mwanzoni. Kwa trela ya kubeba kuni, udongo na mawe ndio ninaoupenda kuliko yote. Kwa trela ya kubebea makochi na magodoro ya watu, hapana.

Kisha kuna mafuta ya dukani ya sakafu za nje, yenye nta, dawa ya kuvu na rangi kidogo. Rangi hiyo si ya urembo tu. Chembe zake ndizo zinazozuia jua lisichome uso wa mbao na kuugeuza kijivu chenye nyuzi zilizosimama. Yasiyo na rangi kabisa yanachoka haraka kuliko yote. Haya ndiyo rahisi kwa mtu ambaye hataki kuchanganya chochote, na kwa msonobari uliotiwa dawa yanakaa vizuri sana.

Na sasa oili chafu. Kila anayebadilisha sakafu ya trela atakutana na mtu wa kumwambia amwage oili ya injini iliyotumika, kwamba babu zetu walifanya hivyo na mbao zikadumu. Nalichukulia jambo hili kwa uzito. Oili ya injini haikauki. Kitani hukutana na hewa ikawa ngumu ndani ya nyuzi. Oili inabaki majimaji miaka yote. Mvua inaiosha kidogo kidogo hadi ardhini na kwenye mitaro. Imebeba metali kutoka kwenye injini pamoja na kemikali za kuungua kwa mafuta zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na wewe utapiga magoti juu yake ukifunga mzigo. Sakafu inateleza, kila kamba na turubai vinachafuka, mifugo ukiipakia italamba. Ukija kubadili mawazo, hakuna kitakachoshika juu yake. Ni kweli inafukuza maji kwa muda. Kitani nayo inafukuza, na haikuachii deni hilo.

Epoksi na zile rangi nene za mpira zinazopulizwa kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu zinafaa plaiwudi, kwa sababu plaiwudi haitanuki sana. Kwenye mbao pana zilizo kimoja kimoja zinapasuka kwenye kila ungio.

Kufunga na mpangilio wa kazi

Kabla ya kukata bolti za zamani kwa grinda, fuata nyaya za taa na mirija ya breki kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi zimepita chini ya mbao kabisa, na skrubu ndefu mpya inaweza kuzitoboa ukiwa juu huoni. Fremu ikiwa wazi, isugue kwa brashi ya waya, ipake rangi ya kuzuia kutu yenye zinki, kisha rangi ya juu. Ni nafasi ambayo hutaipata tena hadi sakafu hii nayo ichoke. Juu ya kila chuma cha kukatiza bandika utepe wa mpira au wa lami: unatenganisha shaba ya dawa na chuma, na unazuia maji yasivutwe kwenye ule mwanya mwembamba.

Mafuta yapakwe kabla mbao hazijafungwa. Pande zote sita, na chini kuwe sawa na juu, maana chini ndiko bisibisi ilikoingia. Ncha zinyweshe mara tatu au nne, zisimamishe kwenye kopo lenye mafuta kina cha vidole viwili ikiwezekana. Kutoboa matundu fanya kwanza, ili mafuta yaingie humo pia. Huko ndiko watu wengi wanakoharakisha, kisha wanapaka juu tu trela ikiwa imekamilika, wanaridhika na rangi.

Mbao kavu ziachie mwanya wa mm 3 hadi 5. Zilizolowa, ukilazimika kuzifunga hivyo, zigusanishe, zitafungua mwanya zenyewe. Bolti za kichwa cha kuba zenye shingo ya mraba, M8 au M10 (unene wa mm 8 au 10), zikiwa na washa pana chini na nati yenye kizuizi cha nailoni, zinashinda skrubu za kujitoboa kwenye trela ya mashine nzito. Skrubu zina kasi na zinatosha kwa trela nyepesi, mradi ziwe ndefu za kutosha na kichwa kizame chini kidogo ya uso wa ubao. Mimi huweka mbili kila ncha na moja moja kwenye vyuma vya kati, kwa kupishana. Ubao wa mwisho, pale penye midomo ya chuma mbele na nyuma, hautaingia ukiwa bapa. Uinue katikati upinde kidogo, chomeka ncha zote mbili, kisha ukanyage ushuke.

Ningechagua nini

Trela ya kazi za kila namna inayolala nje: msonobari wa daraja la 4, mm 38, uliokaushwa, na mafuta yenye nta na rangi kidogo. Ya kubebea mitambo yenye minyororo: apitong au mwaloni mweupe, na kitani na lami ya mti. Ya boksi, au inayolala chini ya paa: plaiwudi ya ngozi, kingo zimezibwa epoksi. Ya mifugo: mbao nzito zisizo na dawa, mtiki au mvule, na mafuta ya kitani yaliyokauka kabisa kabla mnyama hajapanda, kwa sababu wanyama hutafuna kingo.

Mwaka ukipita, rudia lile jaribio la matone baada ya kufagia. Maji yakizama, ni siku ya mafuta. Tabaka moja linatosha. Na unapoiegesha, inua upande wa mbele wa trela kwa jiwe au kwa gurudumu la kuegemea ili maji yashuke nyuma, kisha pitisha kidole ndani ya mdomo wa chuma utoe majani na udongo vilivyojibana humo. Kwenye trela niliyoifumua, ndani ya mdomo huo palikuwa pameota mche wa nyasi, mizizi yake imeshikamana na ncha ya ubao.